Nilivyorudisha Pesa za Kliniki ya Jumanne

Wanangu, kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini lilinipatia barua ya pongezi na boksi la chokoleti. Nalisema mapema ili msije mkadhani mnasoma habari za bingwa. Nilifanya kazi ya bajeti katika halmashauri moja ya hapa London kwa miaka ishirini na mitatu, upande wa afya ya jamii, na kama kuna namna ya kuharibu ambayo sikuijaribu, basi ni kwa sababu nilistaafu kabla sijaifikia.

Naandika Kiswahili kusudi. Najua wengi wenu mmezaliwa huku, mama akikuita kwa Kiswahili unaitika kwa Kiingereza. Ukikwama kwenye neno, muulize huyo mama. Atafurahi, na pengine utapata chai.

Jina langu Zaina, mtoto wa Ngamiani, Tanga. Watu wakisikia nilishika bajeti ya afya wanafikiri hospitali, na wengine wameniomba niwasaidie kupata miadi ya daktari. Hospitali mimi sikuzigusa. Halmashauri hupewa ruzuku na serikali kuu kila mwaka kwa ajili ya mambo yanayomzuia mtu asifike huko hospitali: kuacha sigara, kupima shinikizo la damu, wauguzi wa watoto wachanga, kondomu za bure kwa vijana, masomo ya mapishi kwa wenye kisukari. Kazi yangu ilikuwa kuugawa mfuko huo katika mistari, kila mstari na jina lake na kiasi chake, kisha kukaa mwaka mzima nikichunga nani anatumia nini. Fedha hizo haziruhusiwi kutoka nje ya afya ya jamii, lakini ndani yake zinaweza kuhama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, na ugomvi wote uko hapo.

Aliyenifundisha ni Mzee Pradip, mhasibu wetu mkuu, mzaliwa wa Mwanza, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Siku yangu ya kwanza alisoma jina langu kwenye karatasi, akaniangalia juu ya miwani, akasema mbele ya Waingereza wote, “Zaina wa wapi? Tanga? Basi wewe kaa huku mbali na dirisha, watu wa Tanga baridi hamuiwezi.” Hakuna aliyeelewa ila mimi, na nusura nilie kwa furaha.

Wakati huo bajeti ilichapishwa kwenye karatasi ndefu zilizoungana, zenye matundu pembeni, na Mzee Pradip alizitandaza mezani mpaka zikaning'inia karibu na sakafu. Halafu alichukua rula ya mbao, akafunika upande wote wa namba, yakabaki majina ya mistari peke yake. “Soma majina kwanza, Dada Zaina,” alisema. “Kila jina, niambie nani atavaa koti na kutoka nyumbani kwa sababu ya mstari huu. Ukishindwa kumtaja mtu, usiguse namba yake.” Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa na cheti changu kipya cha uhasibu, nilichokisomea jioni kwa miaka minne huku mchana nafagia ofisi za watu, nikamwambia majina hayajumlishwi. Alicheka, akafunua namba, akanionyesha nilipokosea kujumlisha ukurasa wa pili.

Mambo mengine aliyonifundisha hayamo katika kitabu chochote. Kodi za kumbi hupanda Septemba, kwa hiyo piga simu Agosti, na umpigie anayeshika funguo za ukumbi, si meneja, maana mwenye funguo ndiye anayejua. Mkuu wa huduma akikutajia kiasi na kuongeza neno “takriban”, muulize tena kesho yake uone kama atataja kile kile. Na usimwambie mtu habari ya kupunguziwa fungu akiwa na njaa. Hili la mwisho nililifanyia kazi zaidi ya yote. Kila Februari, mwezi wa kukata, niliamka mapema nikapika kaimati, nikaenda nazo ofisini kwenye bakuli lenye kifuniko. Mkuu wa huduma ya kuacha sigara alikuwa akiliona lile bakuli anajishika kichwa kabla sijafungua mdomo. Lakini anakula.

Msidhani nilizaliwa makini. Mwaka mmoja nilikabidhiwa mstari wa kondomu za bure. Mimi huyo, nimejifunga mtandio wangu, naletewa katalogi ya bidhaa hizo nitafute bei. Niliona haya, nikaifunua na kuifunga harakaharaka, na katika haraka hiyo nikachukua bei ya katoni nzima nikaiweka kwenye safu ya bei ya moja. Kompyuta haina haya, ikazidisha. Rasimu ikaenda kwa madiwani ikiwa na mstari wa kondomu mkubwa kuliko wa wauguzi wote wa watoto. Diwani mmoja mzee wa Kingsbury alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, halafu akauliza kwa upole kama kuna jambo linatarajiwa mwaka huo ambalo yeye hajaambiwa. Mzee Pradip ilibidi atoke nje. Nilimsikia akicheka kwenye korido, na madiwani nao walimsikia.

Tangu siku hiyo sijaona haya mbele ya bei ya kitu chochote, nanyi msione. Soma kwanza bei ni ya nini, ya moja, ya pakiti au ya katoni, ndipo uandike.

Kosa la katoni tulilirekebisha kwa dakika kumi. Lile la chokoleti lilichukua zaidi ya mwaka, na nusura mtu anyang'anywe kliniki yake.

Mtu huyo ni Wairimu, muuguzi kutoka Nyeri, mwembamba, mwenye sauti ndogo na maneno makali. Kila Jumanne alifungua kliniki ya kupima watoto wachanga katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya barabara kuu ya Kilburn. Mzazi yeyote mwenye mtoto mchanga aliingia bila miadi. Mtoto anapimwa uzito, mama anaulizwa hali. Kwa kanuni zetu kliniki haifunguliwi na mtu mmoja. Lazima wawe wawili, mmoja kwenye mizani, mwingine mlangoni na kwenye makaratasi. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, mwenzake Wairimu aliacha kazi. Wairimu akaomba aajiriwe mwingine, na huku akisubiri akawa anaazima watu, leo muuguzi wa kituo kingine, wiki ijayo mwanafunzi wa uuguzi, na kazi nyingine zote anazibeba mwenyewe. Kibali cha kuajiri kilichukua miezi sita, kwa sababu fomu ilihitaji sahihi tatu. Wiki tatu katika hiyo miezi sita fomu ilikaa mezani kwangu. Haikuandikwa namba ya fungu, na mimi sikuinua simu kuuliza.

Mtu wa pili akapatikana Oktoba, binti mmoja mchangamfu, kliniki ikaendelea. Mimi sikuwa na habari naye. Ilipofika Machi, mwisho wa mwaka wetu wa fedha, mstari wa Wairimu ulikuwa na salio, nalo lilikuwa ni mshahara wa miezi sita wa mtu ambaye hakuwepo. Karatasi za Mzee Pradip zilikuwa zimekwisha zamani, na yeye mwenyewe ameshastaafu. Tulikuwa tumehamia kwenye mfumo wa rangi. Mstari unaotumia zaidi ya fungu lake unakuwa mwekundu, unaotumia pungufu unakuwa wa kijani. Wa Wairimu ulikuwa kijani kibichi, raha kuutazama.

Sasa, wenzangu walikuwa na desturi yao ya Machi, nanyi mtaikuta. Kila mwenye salio hukimbia kununua. Viti, makabati, kalamu zenye nembo. Mwaka mmoja idara ya jirani ilinunua mashine tatu za kuchana karatasi, na walikuwa watu watano tu. Mimi niliwaona wabadhirifu. Nilivyolelewa, mama akikutuma dukani chumvi na mafuta ya taa, ukirudi unafungua kiganja mbele yake, anahesabu chenji senti kwa senti. Ikipungua moja, unarudi njia nzima umeinama kuitafuta. Nyumbani kwetu mtoto aliyerudisha chenji kamili alikuwa amelelewa, na asiyerudisha alikuwa mwizi, hakukuwa na wa katikati. Basi nami nikaandika waraka mfupi kwamba mstari wa kliniki ya Kilburn umebakiza kiasi fulani nami nakirudisha kwenye mfuko mkuu wa afya ya jamii. Sikuandika kwa nini kimebaki. Sikumuuliza Wairimu. Nilijiona msafi kama aliyetoka kuoga.

Mkurugenzi wa fedha alinitaja kwa jina mbele ya watu. Alisema laiti wote wangekuwa kama Zaina. Nikapewa barua, nikapewa chokoleti, na kubwa zaidi nikaahidiwa msaidizi. Miaka minne nilikuwa nikiomba msaidizi. Mistari ilikuwa imeongezeka, macho yangu yamepungua, na kila Februari nilikuwa nabeba kazi mpaka nyumbani. Rasimu ya bajeti ya mwaka uliofuata ilipotoka mwezi wa Novemba, mstari wa msaidizi wangu ulikuwamo. Niliusoma mara tatu. Furaha ilinizidi hata sikusoma mistari mingine kwa makini, mimi niliyelipwa kuisoma.

Wairimu aliisoma. Siku mbili baadaye alikuja ofisini kwangu na karatasi mkononi, hakuketi.

“Madam Zaina,” alisema, na zamani aliniita dada. “Si ni wewe ulifanya hii budget?”

“Ni mimi.”

“Wamesema mimi sihitaji mtu wa pili. Eti mwaka ule mwingine nilimanage bila yeye.”

Niliuchukua ule ukurasa. Mstari wake ulikuwa umepunguzwa kwa kiasi kile kile nilichorudisha, kikikuzwa kuwa cha mwaka mzima. Mtindo wa wakubwa ni huo, wanangu, na haujabadilika: usichotumia mwaka huu, wanahesabu kwamba hukihitaji mwaka ujao. Fedha hizo zilikuwa zimehamishiwa kwenye programu mpya ya simu ya kuwakumbusha wazazi wakapime watoto wao. Sitanii. Binti yule wa pili angeondoka mwisho wa Machi, na bila yeye kliniki isingefunguliwa.

“Kulikuwa na salio, Wairimu,” nilisema. “Nililirudisha tu.”

“Salio gani? Hiyo ilikuwa mshahara. Nilikuwa nafanya kazi ya watu wawili, naomba mtu, naomba mtu, form imelala hapa kwenu. Halafu ile mshahara hamkulipa ukaipeleka huko juu, ukapigiwa makofi.”

Nilijikuta namuuliza kama atakunywa chai. Alinitazama kidogo, akachukua karatasi yake, akaondoka. Mpaka leo nikiikumbuka ile chai nafunika uso.

Jumamosi ile nilipanda treni mpaka Queensbury kwa Mzee Pradip. Mkewe akaniwekea chai ya maziwa na bakuli la chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa njugu na dengu za kukaanga, na mimi nikamweleza mumewe yote, barua, chokoleti, programu ya simu, hata chenji ya mama. Nilitegemea anipe pole. Alicheka mpaka akakohoa.

“Dukani kwa baba yangu,” alisema, “mtoto akirudi na chenji pungufu, mama yake alikuja naye kumshika sikio. Najua tabia yenu. Lakini Dada Zaina, chenji ni kile kinachobaki baada ya kununua chumvi. Wewe chumvi hukununua. Umerudi na pesa zote na kikapu kitupu, na umejipongeza.”

“Sasa nifanyeje, Mzee?”

“Wale wa simu usiwaguse, wameshafanya urafiki na nusu ya madiwani. Na usiende kuomba, hakuna atakayeongeza kitu Februari. Ukitaka mstari mmoja upande, lazima ushushe mwingine, na ushushe ulio wako.” Akachota chevda, akatafuna. “Wewe una nini?”

Alijua nilichonacho. Nilikuwa nimeshamwambia habari za msaidizi mara mbili kabla chai haijapoa. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikisema moyoni kwamba wazee wa kuulizwa ushauri ni wengi, kwa nini nimemwendea huyu.

Kabla ya kikao cha madiwani nilifanya jambo ambalo kwa miaka yote ile sikuwa nimelifanya. Nilichukua likizo ya siku moja, siku ya Jumanne, nikaenda Kilburn. Nilikuwa nimeandika jina la ukumbi ule kwenye bajeti tangu nywele zangu nyeusi, na sikujua kwamba mlangoni kuna ngazi saba. Nilikuta akina mama wanainua vigari vya watoto, mmoja anashika mbele, mwenzake ambaye hata hamjui anashika nyuma. Wairimu aliniona, akasema, “Viatu hapo. Kunawa mikono huko,” akaendelea na kazi. Nikakaa pembeni nikapewa kazi ya kushika nguo za watoto.

Akaingia mama mmoja kijana, Mkongo, na mtoto wa wiki saba. Anaishi chumba kimoja ghorofa ya tatu juu ya duka. Wairimu alimvua mtoto nguo polepole, kitufe kimoja kimoja, wala haulizi lolote. Akamweka kwenye mizani. Akafungua kile kitabu chekundu anachopewa kila mzazi huku, akatia nukta kwenye mchoro wa uzito. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Michoro nimeitazama maisha yangu yote, sikuhitaji kuelezwa. Nukta za wiki tatu zilikuwa zinashuka.

Wairimu alianza kumvisha mtoto, tena polepole vile vile, na huku anafunga kitufe akauliza, “Nyumbani uko na nani?”

“Niko na huyu tu.”

“Na jana ulikula nini?”

Akasema alikunywa chai. Na juzi? Juzi pia chai. Akaanza kulia, bila sauti, na Wairimu akampokea mtoto akanipa mimi, bila kuniomba, akamkalisha yule mama kwenye kiti. Saa nzima walikaa pale. Simu zikapigwa, kwa daktari, kwa muuguzi wa kumfuata nyumbani, kwa watu wa chakula. Na saa hiyo yote yule mwingine, yule mtu wa pili ambaye mimi nilimrudisha kama chenji, ndiye aliyekuwa mlangoni akiwapokea wengine na kupima watoto wao. Hapo nilielewa kanuni ya watu wawili ni ya nini. Nilisimama nimembeba mtoto wa watu, mwepesi sana, na niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kwa ile katoni.

Programu ya simu ingemkumbusha yule mama kijana kwamba leo ni siku ya kupima. Labda angekuja, akakuta mlango umefungwa.

Kikao cha Februari kilikuwa siku mbili baadaye, saa kumi jioni, ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili. Wairimu alikaa nyuma kwenye viti vya wananchi, koti halijavuliwa. Mimi kwa kawaida katika vikao hivyo nilikaa kimya, nikiulizwa namba nataja namba. Safari hii niliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti, diwani mama wa makamo aliyekuwa hapendi maneno mengi, alinipa dakika tatu. Tulisema kwa Kiingereza, hapa nawatafsiria ninyi.

Nikawaambia kwamba kwenye ukurasa wa nne kuna mstari uliopunguzwa kwa kosa, na kosa ni langu. Kwamba fedha zilizobaki hazikubaki kwa kuwa kazi ni ndogo. Zilibaki kwa sababu tulichukua miezi sita kuajiri mtu, na wiki tatu kati ya hizo fomu ilikuwa chini ya kikombe changu. Kwamba nilipongezwa kwa hilo na nikakubali kupongezwa.

Mkurugenzi wa fedha alikuwa anatazama kalamu yake. Mwenyekiti akaniuliza, “Unatuomba tuongeze fedha Februari?”

“Hapana,” nilisema. “Ukurasa wa tisa kuna mstari wa msaidizi wa ofisi ya bajeti. Uhamishieni Kilburn.”

“Huyo msaidizi ni wa nani?”

“Wangu.”

“Unamhitaji?”

Wanangu, nilitaka kusema hapana ili nionekane jasiri. Lakini nilikuwa nimeshachoka na namba ambazo hazisemi ukweli. “Namhitaji sana,” nilisema. “Lakini nikikosa msaidizi mimi, ripoti zenu zitachelewa. Pale Kilburn kuna watoto.”

Walishauriana kidogo. Kisha mwenyekiti akaita kura, mikono ikainuka, si yote, lakini iliyotosha. Ilichukua muda mfupi kuliko inavyochukua kupasha chakula. Nilipogeuka nyuma Wairimu alikuwa ameshatoka. Nilimkuta chini kwenye ngazi, anafunga skafu.

“Sasa wewe hiyo kazi yote utafanya na nani?” aliniuliza.

“Peke yangu.”

“Na macho yako ni mabaya.” Akafikiri. “Kuna mtu wa miwani hapo Kilburn, si ghali. Nitakupeleka.”

Alinipeleka kweli, Jumamosi iliyofuata, na akabishana bei kwa niaba yangu mpaka nikaona haya.

Basi nikafanya kazi miaka mitatu ya mwisho bila msaidizi. Sitawadanganya kwamba nilifurahia. Kila Februari nilinung'unika, ripoti zilichelewa kama nilivyowaahidi, na kaimati zilipungua ukubwa. Lakini nilianza desturi mpya. Machi ikifika, kila mstari wa kijani niliupigia simu. Naona salio, nasema, niambieni kwa nini lipo. Mara nyingi jibu lilikuwa mtu aliyeumwa, au fomu iliyolala mahali, na jibu hilo niliandika pembeni ya namba, kwa maneno, ili hata asiyenijua aelewe. Mara nyingine jibu lilikuwa kwamba kweli fedha zimezidi. Hizo nilizirudisha, na kwa moyo mweupe. Ile programu ya simu nayo ilizinduliwa. Mwaka wake wa kwanza wote iliwakumbusha wazazi waende Kilburn siku ya Jumatano.

Nilipostaafu, ofisi iliniandalia sherehe ya mchana. Walipamba ukumbi, wakaleta keki, mkurugenzi mpya akasoma hotuba, na jina langu akalitamka vizuri karibu mara zote. Mzee Pradip alikuja na mkewe, akawasimulia watu habari za katoni, ingawa nilimkataza. Walikuja hata wale wa mashine za kuchana karatasi. Mimi nilikuwa nimemwalika Wairimu wiki tatu kabla, na kila mlango ulipofunguka niligeuka. Keki ikakatwa, picha zikapigwa, hakuonekana. Nikaanza kuudhika, nikisema kumbe bado ana kinyongo, miaka yote hii. Ndipo nikatazama kadi ya mwaliko iliyokuwa mezani, nikaona siku waliyoichagua. Nilicheka peke yangu mpaka mkurugenzi akauliza kuna nini, na machozi yalinitoka, na sikuwahi kufurahi hivyo kwa kukosa mgeni. Wairimu hakuja. Ilikuwa Jumanne, alikuwa na watoto wa kupima.